Kabla ya Krimu ya Tatu: Doa la Ngozi Linapimwa Wapi na Nani?

Shangazi yangu anaishi milimani, wilaya ya Same, na miguu yake imelima tangawizi kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku moja aliona doa jeusi chini ya kisigino cha kulia, dogo kama punje ya choroko. Halikuuma wala halikuwasha. Akadhani ni mwiba uliokatikia ndani, akauchokonoa kwa pini, mwiba usionekane. Akashuka sokoni, duka la dawa wakampa krimu ya fangasi. Ilipoisha akarudi, akapewa nyingine, ile ya mchanganyiko ambayo watu husema inatibu kila kitu. Hiyo nayo ikaisha. Doa likawa limefika upana wa kitufe cha shati, ukingo wake mmoja umechirizika kuelekea pembeni ya unyayo kama wino uliomwagikia karatasi. Miezi minane ilipita, na katika miezi hiyo yote hakuna aliyemwambia: mama, vua soksi, kaa hapa kwenye mwanga nikuone.

Tukizungumzia matibabu ya ngozi, malalamiko ya kwanza huwa ni umbali. Mabingwa wako mjini, sisi tuko kijijini. Ni kweli, madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wao wako kwenye hospitali kubwa. Lakini umbali uliomchelewesha shangazi haukuwa ule wa Same hadi Moshi, ambao ni safari ya basi ya asubuhi moja. Ulikuwa umbali wa hatua mia mbili tu, kutoka mlango wa duka la dawa hadi lango la kituo cha afya. Dukani mtu huomba dawa, naye hupewa dawa. Shangazi alikuwa bado hajajua anaumwa nini, na jibu la swali hilo halikai kwenye rafu.

Doa moja, magonjwa manne

Chukua baka lililopauka kwenye mkono wa mtoto wa darasa la tatu. Huenda ni choa, fangasi wa juu juu ambao huisha kwa dawa ya kupaka. Huenda ni alama iliyoachwa na ukurutu uliokwisha kupoa. Huenda ni mbalanga inayoanza, ambapo ngozi hupoteza rangi yake hadi kubaki nyeupe. Na huenda ni ukoma, ugonjwa ambao wengi tunadhani uliishia kwenye Biblia, kumbe bado unagunduliwa Tanzania kila mwaka. Kwenye picha ya simu manne haya hufanana kama watoto wa tumbo moja. Yanatenganishwa na mambo madogo madogo: ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga? Ukingo wake ukoje? Limeanza lini? Na je, lina hisia?

Kipimo cha hisia kinastahili kuonyeshwa kwa karibu, kwa sababu hakihitaji umeme wala mashine. Mhudumu husokota pamba hadi iwe na ncha nyembamba. Kwanza humgusa mtoto akiwa anatazama, ili aelewe mchezo wenyewe. Kisha humwambia afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapohisi kuguswa. Pamba inagusa shavu, kidole kinaenda shavuni. Inagusa kiwiko, kidole kinafuata. Inagusa katikati ya baka, mtoto ametulia tu, anasubiri aguswe. Hapo mhudumu ana sababu ya kushuku ukoma, kwa kuwa vimelea vyake hukaa kwenye neva na kuua hisia. Dawa yake, mchanganyiko wa aina tatu unaomezwa kwa miezi sita au kumi na miwili kulingana na aina ya ugonjwa, Shirika la Afya Duniani limekuwa likiigawa bure tangu 1995. Mtoto anayeanza dawa mapema hukua na vidole vyake vyote. Kipimo hiki cha pamba kinafanyika zahanati yoyote yenye mtu aliyefundishwa kukifanya, ndiyo maana najisikia vibaya sana ninaposikia mtoto amepakwa krimu mwaka mzima.

Kuna jambo lingine la kujua kuhusu ngozi zetu. Vitabu vingi vya tiba vilichorwa kwa ngozi nyeupe, na humo kila uvimbe unaelezwa kwa neno "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu cha majivu, na wakati mwingine hauonekani kabisa hadi ushike na kuhisi joto. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Anayekupima lazima akuguse, alinganishe mkono huu na ule, atazame mgongo ingawa umemwambia tatizo liko mguuni, na akuombe ufungue mdomo. Ukiona hajafanya hata moja kati ya hayo, huna kosa ukimwomba kwa heshima: daktari, naomba uniangalie na sehemu nyingine.

Krimu inayoficha

Turudi kwenye ile krimu ya mchanganyiko, kwa kuwa ndiyo inayovuruga safari za watu wengi. Ndani yake mara nyingi mna vitu vitatu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi kazi yake ni kuzima moto: inapunguza muwasho na uvimbe, na mgonjwa huhisi amepona ndani ya siku tatu. Ikiwa chanzo ni fangasi, hao wanaendelea kula ngozi kimya kimya, ile duara yao yenye ukingo wa magamba inafutika, na siku mgonjwa atakapofika kwa mtaalamu hata mtaalamu atapata kazi kuutambua ugonjwa. Ikipakwa usoni kwa miezi, steroidi yenye nguvu hukonda ngozi, huleta chunusi na mishipa kuonekana. Hii ndiyo dawa iliyomo kwenye mikorogo mingi ya kujichubua, pamoja na haidrokwinoni na zebaki, kwa hiyo anayetumia mkorogo akapata doa ana matatizo mawili yanayopandana.

Steroidi yenyewe ni dawa nzuri sana mikononi mwa anayejua inatibu nini. Ukurutu mkali bila steroidi ni mateso. Shida ni kuipaka kabla ya kujua. Na kama umekwisha kuipaka, usione haya kusema. Beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizokunjwa hadi mwisho, hata ya jirani, hata majani uliyopewa na mtaalamu wa tiba asili, weka kwenye mfuko mmoja uende nao. Anayekupima akiona mfuko huo ataelewa nusu ya habari kabla hujafungua kinywa.

Yanayomalizika karibu na nyumbani

Magonjwa mengi ya ngozi hayahitaji bingwa. Yanahitaji zahanati au kituo cha afya na maelezo kamili, na hayo maelezo ndiyo hukosekana zaidi ya dawa.

Upele, kwa mfano. Ukiwa na vipele kati ya vidole, kiunoni na kwenye maungio, vinavyowasha zaidi usiku, na mtu mwingine nyumbani anajikuna pia, utapewa dawa ya maji ya kupaka, BBE, au krimu ya pamethrini. Wengi hupaka pale panapowasha tu, wakati inatakiwa ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni kushuka, watu wote wa nyumba siku ile ile, huku mashuka na nguo zikifuliwa na kuanikwa. Na muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya vijidudu kufa, kwa sababu mizoga yao bado imo ndani ya ngozi. Asiyeambiwa hivyo hudhani dawa imeshindwa, akaenda kununua nyingine yenye nguvu zaidi.

Mapunye ya kichwani nayo hayasikii krimu, kwa kuwa fangasi wamo ndani ya shina la unywele. Mtoto huhitaji vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa. Majipu, chunusi, mkanda wa jeshi ulioanza leo au jana, yote haya kituo cha afya kinayaweza. Mkanda wa jeshi uwahi mapema, ndani ya siku tatu za kwanza, kwa sababu dawa yake ya virusi hufanya kazi vizuri zaidi wakati malengelenge bado mapya. Ukiupata ukiwa kijana, kubali pia kupima VVU ukiambiwa. Nani angependa kugundua hilo baadaye sana, kwa njia nyingine?

Ya kwenda leo leo

Yako machache ambayo hayangoji siku ya kliniki. Ngozi inayovimba, yenye joto na maumivu, inayotambaa saa kwa saa huku mtu ana homa. Malengelenge au ngozi inayobambuka siku chache au wiki chache baada ya kuanza dawa mpya, hasa dawa za salfa kama kotrimoksazoli au dawa za kifafa, ikiambatana na vidonda vya mdomo na macho mekundu: hapo acha dawa hiyo, nenda hospitali, tena si zahanati bali hospitali yenye wodi. Vipele vyenye usaha pamoja na homa na matezi, hasa kwa mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa wa mpox, navyo viende kituoni bila kupitia kwa majirani.

Na kimeta. Sisi wa mikoa ya ufugaji tunakijua kwa mifugo kuliko kwa watu. Mtu amemchuna ng'ombe aliyekufa ghafla, siku chache baadaye anapata kipele mkononi kinachogeuka kidonda chenye kigaga cheusi katikati, kimezungukwa na uvimbe mkubwa, na cha ajabu hakiumi. Kwa kutouma kwake watu hukidharau. Hutibika vizuri kwa antibiotiki, na hakitakiwi kukatwa wala kukamuliwa. Lakini mhudumu hawezi kukifikiria kama hukumwambia habari ya yule ng'ombe. Najua kwa nini watu hunyamaza: nyama ya mzoga imeliwa, na kuna woga wa kuulizwa. Semeni tu. Aliye mbele yako anatafuta uhai wako.

Saratani za ngozi tunazozipata sisi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kuchelewa kunapogharimu zaidi, na kwa sababu tumelishwa picha isiyo yetu. Tunaambiwa saratani ya ngozi ni ya wazungu waliokaa sana juani. Kwetu hali ni tofauti.

Ya kwanza ni melanoma ya unyayo, viganja na chini ya kucha. Haihusiani na jua. Unyayo unaliona jua lini? Kwa watu weusi hapo ndipo melanoma hupenda kuanzia. Mwaka 1977 Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu, mahali ambapo palidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 1981, akiwa na miaka 36. Doa jeusi la unyayoni linalokua, lenye rangi zisizolingana, au mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaopanuka na kupaka rangi ngozi ya pembeni, hilo si la kusubiri.

Ya pili huota kwenye kovu la zamani la moto au kwenye donda sugu. Kovu alilolipata mtu utotoni kwa uji wa moto, likakaa miaka ishirini, thelathini, kisha likaanza kufunguka, kutoa harufu na kuota nyama pembeni. Daktari wa Kifaransa Jean-Nicolas Marjolin alivieleza vidonda vya aina hii mwaka 1828, na hadi leo vinabeba jina lake. Donda la mguu lililofungwa bandeji mwezi baada ya mwezi bila kupungua linastahili kupimwa, siyo kubadilishiwa bandeji tu.

Ya tatu ni ile inayowawinda ndugu zetu wenye ualbino, na hiyo kweli inatokana na jua. Huanza kama kigaga kigumu usoni, sikioni, shingoni au mgongoni mwa mkono. Katika hatua hiyo huondolewa kwa kugandishwa na naitrojeni ya maji, kazi ya dakika chache. Ikiachwa, hula. Kwa hiyo kwa mwenye ualbino kliniki ya ngozi ni kama kliniki ya mtoto: unaenda kwa ratiba, ukiwa mzima, angalau kila baada ya miezi sita. Mafuta ya kuzuia jua yaliyotengenezwa kwa ajili yao yanazalishwa Moshi, na hugawiwa kupitia kliniki hizo.

Ya nne ni saratani ya Kaposi: mabaka au vinundu vya zambarau au vyeusi, mara nyingi miguuni, wakati mwingine kwenye kaakaa la mdomo, visivyowasha. Mara nyingi huambatana na VVU, na matibabu yake huanzia CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, kwa dawa za kufubaza virusi, ambazo ni bure, kisha wanaohitaji huongezewa dawa za saratani.

Njia ya rufaa

Siku shangazi alipofika hatimaye kituo cha afya, ni kwa sababu alimsindikiza mjukuu mwenye homa. Tabibu, kijana mdogo tu, alimwona anachechemea. "Shikamoo mama. Hebu vua viatu, vyote viwili." Akamnawisha mguu kwa maji, akaufuta, akampeleka dirishani. Akalinganisha na mguu wa kushoto. Akapapasa kinena kutafuta matezi. Kisha akasema maneno ambayo ningependa kila mhudumu ayaweze: "Hili sitalitibu mimi. Nitakuandikia."

Karatasi ile ya rufaa ni kitu kikubwa. Kwa Tanzania ngazi zinapanda hivi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali za kanda kama KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na ile ya Mbeya, na juu yake Muhimbili. Mwenye bima akiruka ngazi bila rufaa anaweza kuambiwa alipe mwenyewe. Na rufaa nzuri siyo ile iliyoandikwa "tatizo la ngozi". Iwe na mahali doa lilipo, ukubwa wake kwa sentimita, limeanza lini, limepakwa nini, na mwandishi anashuku nini. Unayo haki ya kuisoma kabla ya kuondoka na kuuliza usichokielewa.

Watu wengi hawajui kwamba Moshi, pembeni ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992 kikiwa na wazo moja zuri sana: badala ya kusubiri mabingwa watoshe, wachukuliwe matabibu waliokwisha kufanya kazi vijijini, wafundishwe miaka miwili magonjwa ya ngozi, ya zinaa na ukoma, kisha warudi. Wamepita hapo wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Maana yake kwako ni kwamba hospitali ya mkoa wako au hata ya wilaya inaweza kuwa na tabibu wa ngozi ambaye jina lake halina cheo cha bingwa lakini macho yake yameona vidonda maelfu. Piga simu au ulize mapokezi: kuna mtu aliyesomea ngozi hapa? Kliniki yake ni siku gani? Kliniki za ngozi nyingi zina siku zake maalumu, na anayefika siku nyingine hurudishwa, nauli imekwenda.

Kenya ngazi zinahesabiwa kwa namba, kuanzia ya 1 kijijini hadi ya 6 kama Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret, na tangu Oktoba 2024 mambo ya bima ya afya yamehamia SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF. Zanzibar watu huelekea Mnazi Mmoja. Lakini mwendo ni ule ule: wa karibu akuone kwanza, akuandikie vizuri.

Kama safari ni ngumu, picha inaweza kutangulia. Matabibu wengi siku hizi hushauriana na mabingwa kwa simu. Piga picha mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera na bila kile kirembeshaji cha sura. Futa kioo cha kamera kwanza. Vidole vya jikoni vina mafuta. Picha moja ya mbali ionyeshe doa liko wapi mwilini, nyingine ya karibu ikiwa na rula au sarafu kando. Zitume kwa tabibu wako, siyo kwenye kundi la ukoo, ambako kila mtu atakuwa na dawa yake.

Kukata kinyama

Kwenye kliniki daktari aliinamia kisigino cha shangazi akiwa na kifaa kidogo kama kikuza cha fundi saa, chenye taa. Akanikaribisha nami nichungulie. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji, kama shamba lililolimwa vizuri. Doa la kawaida, alinieleza, rangi yake hukaa kwenye mifereji. Melanoma hupanda juu ya matuta. Nilitazama. Weusi ulikuwa juu ya matuta, mistari minene iliyofuatana, na katikati kabisa ulikuwa umeunganika ukafuta kila kitu.

Pamoja na hayo hakutamka jina la ugonjwa. Alisema tukate kinyama. Shangazi akanishika mkono, akasema kile ambacho wengi husema: "Kikiguswa na kisu si kinasambaa?" Daktari hakumcheka. Alimwambia kwamba watu huona mgonjwa amekatwa kinyama, kisha miezi mitatu baadaye amefariki, wakadhani kisu ndicho kilichoua, kumbe alikuja akiwa amechelewa. Kukata kipande kidogo kwa ajili ya kipimo hakuienezi saratani. Kutokata ndiko kunakoipa muda.

Kazi yenyewe: sindano ya ganzi, ambayo kisiginoni inauma kweli, tusidanganyane. Kisha kisu, kinyama kidogo chenye umbo la mbegu ya boga, nyuzi tatu, bandeji. Haikufika nusu saa. Kinyama kikaingia kwenye kichupa cha formalini, dawa inayokizuia kisioze. Formalini iwe asilimia kumi, na iwe nyingi, angalau mara kumi ya kinyama chenyewe. Isiwe maji wala spiriti, maana kitaharibika na mgonjwa atalazimika kukatwa tena.

Sehemu nyingine kichupa husafirishwa na hospitali, sehemu nyingine unakabidhiwa wewe ukipeleke maabara ya patholojia, ambako kinyama huchunguzwa kwa darubini. Sisi tulikabidhiwa. Nilikibeba kwenye mfuko wa shati kwa woga kama niliyebeba yai. Kabla ya kuondoka nesi alinisomea kwa sauti: jina la mgonjwa, namba ya faili, tarehe, kisigino cha kulia. Kisha akasoma fomu, tulinganishe. Mfanye hivyo nanyi. Kichupa kisicho na jina ni kinyama cha hakuna mtu. Uliza mambo mengine mawili: jibu litatoka baada ya muda gani, na nani atakupigia. Mara nyingi jibu halimfuati mgonjwa, mgonjwa ndiye hulifuata. Sisi lilituchukua wiki tatu, na nilipiga simu mara nne.

Kuhusu gharama, uliza kabla. Ukoma, kifua kikuu na VVU hutibiwa bila malipo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wapo kwenye sera ya msamaha. Mlango wa kuuomba ni ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji husaidia sana. Ichukue kabla ya kupanda basi. Ikiwa jibu ni saratani inayohitaji mionzi au dawa za saratani za kuingizwa kwenye mishipa, unaweza kuelekezwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, au KCMC penyewe. Nyingi za saratani za ngozi zikiwahi, lakini, humalizwa na kisu peke yake.

Jibu la shangazi lilikuwa melanoma, unene wake chini ya milimita moja. Katika ugonjwa huu unene ndiyo kila kitu. Milimita hiyo moja ilimaanisha kukatwa sehemu pana kuzunguka doa, ngozi kutolewa pajani na kupandikizwa kisiginoni, na wiki sita za magongo. Ingekuwa milimita nne, mazungumzo yetu yangekuwa mengine.

Sasa analima tena, akivaa buti za mpira. Kila miezi mitatu hushuka Moshi, daktari anapapasa kinena, anatazama nyayo zote mbili na kucha zote kumi. Nakala ya jibu la patholojia anayo mwenyewe, ameitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya mpiga kura, na juu ya mfuko ameandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa darasa la saba: *mguu wa kulia*.